Dinari ya Saa Kumi na Moja

Somo: Mathayo 20:1-16



Hadithi tuliyosoma Jumapili wengi wetu huipenda mpaka ifike wakati wa malipo. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja jua likielekea kuzama. (Saa za Biblia ni kama zetu, hapo hatuhitaji mkalimani.) Jioni kila mtu anapewa dinari moja, na wale waliotoka jasho tangu asubuhi wananung'unika.

Pita steji ya Mamboleo asubuhi, utawaona hao vibarua wamesimama na majembe. Aliyebaki pale mpaka saa kumi na moja si mvivu. Aliulizwa, akajibu kwamba hakuna aliyemwajiri. Na dinari ilikuwa nini? Ni kipato cha siku, chakula cha nyumba moja. Watoto wa yule wa saa kumi na moja hawana robo ya tumbo eti kwa sababu baba yao alipata kazi ya saa moja. Mwenye shamba alilijua hilo.

Sasa wacha nikiri kitu, maana nimehubiri somo hili mara tatu bila kukisema.

Mwaka 2015 shirika la GiveDirectly lilikuwa likitoa pesa kwa familia maskini upande wa Homa Bay. Waya wangu, yaani shangazi yangu, ameolewa huko. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi. Walimwendea, wakamweleza kwamba atatumiwa pesa kwa M-Pesa, karibu dola 1,000, si mkopo, hakuna riba, na hataulizwa amenunua nini. Waya akanipigia simu. Mimi ndiye niliyesoma, nimetoka tu chuo na digrii ya biashara, tena kiongozi wa vijana kanisani. Akaniuliza, "Nyathina, hii pesa ni ya nani?"

Nilimjibu kwa vichwa viwili. Kichwa cha darasani kikasema hakuna anayetoa pesa bure, lazima kuna mtego. Kichwa cha kanisani kikasema nimesikia ni pesa ya shetani, ukiila watakuja kudai mtoto. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote swali hata moja.

Waya akakataa. Na hakuwa peke yake. Shirika lenyewe lilieleza kwamba Homa Bay wakati huo karibu asilimia 45 ya waliofikiwa walikataa, na uvumi wa ibada za giza ulikuwa sababu kubwa. Uvumi huo haukutembea barabarani peke yake. Sisi watu wa maombi tuliubeba.

Jirani yake alipokea. Akaezeka mabati, akanunua ng'ombe, akalipa karo. Hakuna aliyekuja kudai mtoto. Mjukuu wa Waya alipita mtihani wa darasa la nane, akakosa ada ya kidato cha kwanza, akaenda ziwani kuvuta nyavu za omena. Siwezi kuapa kwamba pesa ile ingempeleka shule. Lakini mimi ndiye niliyehakikisha kwamba hatutajua kamwe.

Baadaye nikaanza kusoma yale ambayo ningeyasoma kabla ya kufungua mdomo. Hapa Siaya, kuanzia Rarieda mwaka 2011, watafiti wamefuata familia zilizopewa pesa hizi. Waliopokea Rarieda walikula vizuri zaidi, wakaongeza mifugo, wakabadilisha nyasi kuwa mabati. Waliopewa kidogo kidogo kila mwezi walielekea zaidi kwenye chakula, na waliopewa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu. Namsikia mzee mmoja akiuliza, na chang'aa je? Kila kijiji kina mtu wake, mzee wangu, lakini kwa ujumla matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka.

Kisha ukaja mgao mkubwa zaidi Siaya, katika utafiti wa vijiji 653. Zaidi ya nyumba 10,500 za nyasi zilipewa shilingi 87,000 kila moja, kwa awamu tatu. Aliyekuwa na mabati hakupata, hata kama mabati yake yana kutu na aliyanunua kwa deni. Huyo namwelewa akinung'unika kama wale wa alfajiri. Ila pesa haikubaki mfukoni mwa aliyepewa. Alimlipa fundi, akanunua mahindi kwa jirani, akaenda kibandani. Kila dola moja iliyoingia ilizaa takriban dola mbili na nusu za shughuli pale pale, bei zikapanda kidogo sana, na hata nyumba ambazo hazikupewa zikaanza kutumia zaidi. Nilisoma uchumi miaka minne na hilo lilinishangaza.

Lakini lililonipigisha magoti lilitoka mwaka 2025. Watafiti walirudi kuhesabu watoto. Katika nyumba zilizopewa pesa, vifo vya watoto wasiofikisha mwaka mmoja vilipungua karibu nusu, hasa pale ambapo hospitali yenye daktari iko karibu. Mama mjamzito aliweza kupumzika miezi ya mwisho badala ya kuinama shambani, na siku ya uchungu nauli ilikuwepo. Mimi nilimwambia Waya kwamba pesa hii itachukua watoto.

Tunaimba kila wiki kwamba neema haina malipo. Akitokea mtu wa kutoa bila masharti, tunatafuta pembe zake. Na sisi wenyewe tukitoa unga wa mfuko wa huruma, tunamsimamisha mjane mbele, tunampiga picha na pakiti mkononi, halafu jioni tunaulizana kama kweli alikuwa na shida. Mchungaji kiongozi amekubali tujaribu njia nyingine mpaka Disemba. Familia sita zitatumiwa pesa kwa simu, hakuna picha, hakuna kutajwa jina. Mhasibu ataona hesabu, mimi na ninyi hatutaona majina. Anayetaka kuchangia apeleke kwa mhasibu, si kwangu.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda kwa Waya. Ana zaidi ya miaka sabini sasa, anapata zile 2,000 za Inua Jamii kila mwezi, zikija. Nilimwomba msamaha. Alikaa kimya akichambua omena, kisha akasema, "Ulikuwa mtoto. Lakini mvua ya mwaka ule, nyathina, ilinyesha ndani."

Wakati wa kuondoka akafungua fundo la leso, akanipa mia mbili za nauli. Nikakataa. Akanifinya mkono, akaniuliza kama na hiyo pia ni ya shetani. Nikaipokea, nikapanda bodaboda.