Maili Chache, Amana Nzito

Mwaka 1993 kampuni ya Ford ilitengeneza Mustang 107 za aina ya Cobra R. Zote zilikuwa nyekundu, na zote zilivuliwa kila kisichomsaidia dereva wa mashindano: hazina redio, hazina kiyoyozi, hazina kiti cha nyuma. Zilitengenezwa zikashindane. Wengi walionunua hawakuzipeleka uwanjani. Waliziingiza gereji, wakazifunika, wakasubiri bei ipande. Ford ililiona hilo, na ilipotoa Cobra R nyingine mwaka 1995, magari 250 meupe, ikaweka sharti: hauziwi mtu asiye na leseni ya udereva wa mashindano. Sharti hilo halikumzuia kila mtu. Hata ya mwaka huo yapo leo ambayo hayajatembea ila maili chache mno, yametulia chini ya turubai kama yale yaliyotangulia.

Nakieleza kisa hiki kwa sababu vijana wapenda magari, walio Nairobi na Dar es Salaam, walio Maskati, na wale walioko huko huko Marekani magari haya yanakouzwa, huniuliza swali moja: je, ni uungwana kununua gari zuri na zima, halafu usiliendeshe? Wanaouliza hutaraji niwakemee. Siwakemei. Mtu akishalisha nyumba yake, akalipa ada za watoto na madeni ya watu, fedha iliyobaki ni yake, na kupenda kitu kilichotengenezwa kwa ustadi si aibu. Mwenye kukopa ili afungie gari gereji, huyo tuna mazungumzo mengine, tena marefu.

Swali linalonishughulisha ni lile wasiloliuliza: ukishakuwa nalo, unadaiwa nini, na nani?

Gari linalotembea hubadilika kidogo kidogo. Tairi zinaisha, mipira inabadilishwa, fundi anapaka rangi mlango uliokwaruzwa, mwingine anafunga nati isiyo yake. Baada ya miaka 30 hakuna tena anayeweza kukuapia lilivyotoka kiwandani. Lile ambalo halikutembea ndilo linaloonesha. Linaonesha rangi ilivyopulizwa nyembamba ndani ya buti, mkaguzi wa kiwanda alipoweka alama yake ya chaki, nati ipi ilikuwa nyeusi na ipi ilikuwa ya rangi ya fedha, waya ulipitishwa upande gani wa betri. Chukua Buick GNX ya mwaka 1987. Zilitengenezwa 547 tu, nyeusi zote, injini ya V6 ya lita 3.8 yenye turbo, nguvu farasi 276 kwa maandishi ya kiwanda, na bei yake ikiwa mpya ilikuwa dola 29,290. Kila moja ina kibati chenye namba yake kwenye dashibodi. Anayetaka kuirudisha GNX iliyochoka katika hali yake ya mwanzo huenda kupiga magoti chini ya ile isiyotembea, akiwa na kamera na daftari, kwa sababu hakuna kitabu kinachoeleza yote yale.

Hapo ndipo bei inapotoka. Watu hudhani wanalipia uchache, na kweli uchache una sehemu yake, lakini yapo magari machache ambayo hakuna anayeyataka. Wengine hudhani wanalipia upya. Mnunuzi mjuzi analipia ushahidi. Analipia uhakika kwamba kitu hiki ndivyo kilivyotengenezwa, na mkono wa mtu haukuingia kati. Kwa hiyo mwenye gari la maili chache ni shahidi, na ushahidi wa uongo ni dhambi kwa Mwislamu na kwa Mkristo, hata ukitolewa na mita ya dashibodi.

Tuanze na mita hiyo. Marekani ilipiga marufuku kuichezea kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1972, na ilifikiriwa kuwa mita za kielektroniki zingemaliza tatizo. Zimeurahisisha udanganyifu. Zamani fundi alifungua dashibodi na kuzungusha magurudumu madogo yenye tarakimu, akaacha mikwaruzo na tarakimu zisizolingana mstari. Siku hizi anachomeka kompyuta, anaandika anachotaka, na jicho halioni kitu. Sisi tunaoshusha magari ya mitumba kutoka Japani katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam tunalijua jambo hili vizuri. Kule minadani kila gari hupewa karatasi yenye daraja lake, kilomita zake, na mchoro wa bodi uliowekewa alama za kila mkwaruzo. Lililogongwa likanyooshwa huandikwa herufi R. Karatasi hiyo ni ushahidi mzuri inapokuwa ya kweli, lakini nayo hughushiwa. Basi usiridhike na tarakimu peke yake wala karatasi peke yake. Tazama mpira wa pedali ya klachi. Tazama ukingo wa kiti cha dereva, upande anaoingilia. Pitisha kidole kwenye usukani mahali mkono unaposhika, na kwenye ukingo wa diski ya breki. Gari linalodai maili elfu tatu na pedali yake imelika haliwezi kuwa linasema kweli, hata muuzaji awe mtu wa msikitini au mzee wa kanisa.

Magari ya Marekani yana faida moja ambayo yetu mengi hayana. Sheria ya mwaka 1958 iliagiza kila gari jipya libandikwe kiooni karatasi ya bei yenye orodha ya vifaa vyake, na wakusanyaji wengi waliitunza. Kwa magari ya Ford kuna Marti Auto Works ya Arizona, yenye kumbukumbu za kiwanda kuanzia magari ya mwaka 1967, ambayo kwa ada itakueleza namba fulani ya chasi ilitoka na rangi gani, injini gani, na ilipelekwa kwa muuzaji yupi. Anayekuuzia Cobra akakasirika ukitaja kutafuta ripoti hiyo amekwisha kukupa jibu.

Kuna uongo mwingine usiogusa mita. Mtu ana gari la maili mia sita kweli, lakini mlango mmoja ulikwaruzwa gereji na baiskeli ya mtoto, akaupaka rangi kwa ustadi hata ukapendeza kuliko ulivyotoka kiwandani. Anapouza anasema, “Halijaguswa.” Kwa nini afiche? Kifaa cha kupimia unene wa rangi kitamwumbua kwa dakika moja, na kuanzia hapo kila alilolisema litatiliwa shaka, hata yaliyo kweli. Angesema tangu mwanzo, akaonesha picha ya mkwaruzo na risiti ya fundi, angepungukiwa kidogo na kuaminiwa kwa mengine yote. Mimi ningenunua kwake kabla ya kununua kwa yule mwenye gari lisilo na doa na lisilo na karatasi.

Na kunakili je? Vijijini na mijini kwetu utaona Impreza ya kawaida ya Subaru imebandikwa nembo za STI, lile toleo la kasi, imepakwa buluu, imefungwa rimu za dhahabu. Naelewa mapenzi hayo. Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 katika Impreza, na watoto waliosimama barabarani wakiipungia mikono ndio watu wazima wa leo. Mwaka uliofuata Subaru ikatoa 22B, gari la milango miwili, bodi iliyopanuliwa, injini ya lita 2.2, magari 400 kwa soko la Japani, ikisherehekea miaka 40 ya Subaru na mataji matatu mfululizo ya dunia. Kulifanya gari lako lifanane na lile unalolipenda hakumdhulumu mtu. Dhuluma inaingia siku ya kuuza, pale muuzaji anaponyamaza mnunuzi anapodhani. Kunyamaza huko wengi hukuona ni werevu wa biashara. Mimi nasema ni uongo, kwa kuwa unajua anachokiamini, unajua si kweli, na unachukua fedha zake kwa ajili ya imani hiyo.

Sasa nije kwenye jambo la uhai, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Gari lisilotembea linachakaa. Sili za injini hukauka, petroli hugeuka gundi na kuziba nozeli, mafuta ya breki hunyonya unyevu, mkanda wa taimingi hukakamaa, panya hula waya. Lakini linalonitisha ni tairi. Tairi ya miaka mingi huwa na kashata zote kamili, nyeusi inang'aa, na mwenyewe anaipenda kwa sababu ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Mpira wake umekwisha kuwa mgumu, haushiki barabara. Tarehe 30 Novemba 2013 mwigizaji Paul Walker alikufa huko California akiwa abiria katika Porsche Carrera GT iliyokuwa ikiendeshwa na rafiki yake, naye rafiki akafa. Wachunguzi walisema chanzo kikuu kilikuwa mwendo wa kasi. Wakaongeza kwamba tairi zilikuwa na umri wa miaka tisa. Tangu mwaka 2000 kila tairi inayouzwa Marekani ina tarakimu nne mwishoni mwa namba yake ubavuni: mbili za juma, mbili za mwaka. Anayeuza gari la maili chache bila kumtajia mnunuzi umri wa tairi, akimwacha aliendeshe mpaka nyumbani kwa barabara kuu, amejali bei kuliko roho ya mtu. Zile za kiwandani zifunge kwenye nailoni, zihifadhi, zikabidhi pamoja na gari, kwa kuwa nazo ni ushahidi. Za kutembelea ziwe mpya.

Katika kukadiria bei, ugonjwa mkubwa ni kutazama mauzo makubwa kuliko yote na kusema, “Langu nalo ni bei hiyo.” Mnadani wakikutana matajiri wawili wasiotaka kushindwa, bei inayotoka inakueleza habari zao, haikuelezi habari za gari lako. Yale yaliyopelekwa mnadani yakarudi bila mteja hayatangazwi kwa sauti ile ile. Tafuta mauzo kadhaa ya gari la mwaka ule ule, maili zinazokaribiana, karatasi zinazolingana, halafu ukubali bei ya katikati, na uondoe ada ya mnada, bima, na usafiri kabla hujaiita faida. Rafiki anayejitolea kupandisha bei mnadani bila nia ya kununua, ili mnunuzi wa kweli alipe zaidi, anafanya jambo ambalo dini ya Kiislamu imelikataza waziwazi na ambalo mahakama nyingi hulihesabu kuwa ulaghai. Mkatae huyo hata kama anakupenda.

Lililo zito kuliko yote, kwangu mimi, hutokea pale unapolikuta gari kwa mtu asiyejua alicho nacho. Mara nyingi ni mjane. Mume alilifungia gereji miaka mingi, watoto wanaitaka nafasi ile, na mama anachotaka ni liondoke tu. Anataja bei ya gari bovu. Wewe umeshaona kibati cha namba kwenye dashibodi, na moyo unakudunda.

Wapo watakaokwambia kwamba maarifa ni mtaji, umeyasomea miaka yote hii, na bei kaitaja mwenyewe. Kwa wafanyabiashara wawili wenye kujua, nakubali, bishaneni bei mpaka jua lizame. Mjane hakusimama mbele yako kama mfanyabiashara. Ameuliza kwa sababu anaona unajua, na ukimwitikia kwa kunyamaza umetumia imani yake kumnyang'anya urithi wa watoto wake. Mafakihi wa Kiislamu wana mlango mzima unaohusu kumpunja bei asiyejua, lakini hata asiyefungua kitabu chochote anaisikia kasoro hiyo kifuani mwake, ndiyo maana akitoka na gari lile huwa na haraka ya kufika mbali.

Mwambie siku hiyo hiyo: “Mama, gari hili lina thamani kubwa kuliko ulivyotaja, na mimi ningependa kulinunua.” Yaseme yote mawili kwa pamoja, ajue una nia yako. Muombe asiruhusu mtu kulisafisha, kuliwasha wala kulisukuma. Tafuta mthamini asiye rafiki yako, umlipe wewe, na karatasi yake aipate mama kwanza, aisome pamoja na watoto. Mpe majuma mawili bila kumpigia simu. Baada ya hapo toa bei yako, inayoacha nafasi ya gharama zako za kubadilisha sili na tairi, na umweleze gharama hizo moja moja. Akimuuzia mwingine, umepoteza ada ya mthamini.