KADIRI YA JENGO NA KADIRI YA GUNIA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kadiri yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa katika Sura ya Ar-Rahman kuinuliwa kwa mbingu na kuwekwa kwa mizani vimetajwa pamoja. Wajenzi wa zamani wa pwani walilijua jambo hili kwa mikono yao. Shibiri mbili ni mkono, na mikono minne ni pima. Kipimo kilitoka katika mwili wa mtu mwenyewe. Wala upana wa chumba haukufuata matamanio. Boriti ya mkoko ndiyo iliyoukata, nayo haivuki salama zaidi ya mita 2.8 hivi. Ndiyo maana nyumba za mawe za Lamu na Pate zina vyumba virefu vyembamba, na aliyetaka nafasi aliongeza chumba kingine nyuma ya kile cha kwanza.

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ni ushahidi. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo kongwe, ilikuwa na dari ya tambarare juu ya nguzo tisa. Zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, msikiti ulipanuliwa kwa matao na kuba. Dari hulemea chini tu, bali kuba husukuma na kando pia. Upanuzi ule ukaanguka, hata karne ya 15 ukajengwa upya kwa nguzo za mawe na chokaa.

Huko Ifakara, katika bonde la Kilombero, hakuna matumbawe wala mikoko. Watu hujenga kwa matofali ya kuchoma na mabati, na msimu wa mpunga wengine huhamia madungu mashambani, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti. Kimo cha dungu hufuata kimo cha maji ya mafuriko. Huo nao ni ulinganifu, ingawa fundi wake hakusoma hesabu za majengo.

Mfanyabiashara wa pwani hufika kule kununua mpunga. Na tangu daraja la Mto Kilombero, lenye mita 384, lilipofunguliwa mwaka 2018, mizigo ya ng'ambo haingoji tena kivuko. Wako miongoni mwao wanaopenda kujenga msikiti kwa faida waliyoipata, na nia hiyo ni njema. Lakini wako pia wanunuao kwa lumbesa: gunia likijaa, hutiwa nyongeza juu ya mdomo wake, ikafungwa kwa kamba, hata gunia nalo likawa na kuba. Bei ni ya gunia moja. Sheria ya vipimo imeikataza, na kabla ya sheria hiyo ilikwisha teremka Sura ya Al-Mutaffifin, yenye kuwaonya wajipimiao kwa ukamilifu na kuwapunja wenzao. Mtu wa lumbesa hatosheki hata na ule ukamilifu.

Husemwa, "Mkulima ameridhia." Ameridhiaje, naye ana deni la mbegu, ada ya shule inamngoja, na lori limewasha moto? Hiyo ni ridhaa ya dhiki.

Basi mwenye kutaka kujenga Ifakara, kabla ya kupakia saruji, na ahesabu magunia yake, na kilo zilizokaa juu ya mdomo wa kila moja. Thamani ya hizo ni mali ya mkulima. Amrudishie, kwani sadaka haitolewi katika haki ya mtu mwingine. Kitakachobaki kikitosha kuta nne, paa la mabati na kisima cha kutawadhia, msikiti umetimia. Kuba na lingoje.