Mkulima, Askari na Baba: Tumkumbuke Mwenyeheri Franz Jägerstätter



Wapendwa familia ya Mungu, mwezi huu wa Novemba tunawaombea marehemu wetu, na hapa Marekani tarehe 11 ni siku ya kuwaheshimu waliotumikia jeshi. Katika jumuiya yetu siku hiyo haipokelewi na wote kwa namna moja. Wapo akina mama ambao vijana wao wamevaa sare za nchi hii, nao wanajivunia, na ni haki yao. Wapo pia waliokimbia Kivu au Burundi usiku, watoto mgongoni, na mpaka leo wakiona sare moyo unashtuka. Wote tunakaa benchi moja na kupeana amani. Kwa hiyo tumeona tumkumbuke mtu mmoja aliyekuwa askari, mume na baba, ambaye maisha yake yanatugusa sote, kila mmoja mahali pake.

Franz alizaliwa tarehe 20 Mei 1907 huko St. Radegund, kijiji kidogo cha Austria karibu na mpaka wa Ujerumani. Mama yake alikuwa mtumishi wa shambani, hakuwa ameolewa. Baba yake mzazi aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mtoto alilelewa na bibi yake, mpaka mama alipoolewa na Bwana Jägerstätter, aliyempa jina na baadaye shamba.

Alipofikisha miaka 20 alikwenda kutafuta maisha kwenye migodi ya chuma ya Eisenerz. Hapo, ndugu zetu, tunajitambua. Kijana yuko mbali na nyumbani, ana pesa yake mfukoni, hakuna bibi wa kumwuliza kama amekwenda Misa. Franz akaacha kwenda. Ni wangapi kati yetu tulifika nchi hii na rozari kwenye begi, na begi likakaa juu ya kabati miaka miwili bila kufunguliwa? Lakini aliporudi kijijini mwaka 1930, imani yake ilikuwa imerudi pia, naye alikuwa na pikipiki, ya kwanza kuonekana pale kijijini. Miaka mitatu baadaye alipata binti nje ya ndoa. Hatufichi jambo hilo, maana Kanisa nalo halikulificha lilipomtangaza Mwenyeheri.

Tarehe 9 Aprili 1936, siku ya Alhamisi Kuu, alifunga ndoa na Franziska, na baada ya harusi wakaenda kuhiji Roma. Mke ndiye aliyemzidi kwa sala. Walisali pamoja, walisoma Maandiko pamoja, na Franz akaanza kupokea Komunyo mara kwa mara hata siku za kazi. Majirani wakanong'ona kwamba mwanamke amemharibu yule kijana wa pikipiki. Wakajaliwa mabinti watatu.

Mwaka 1938 Hitler aliitwaa Austria. Ilipoitishwa kura ya kuliunga mkono jambo hilo, Franz peke yake kijijini alipiga kura ya hapana. Hata hivyo, alipoitwa jeshini mwaka 1940 alikwenda. Alikula kiapo, akafundishwa, akavaa sare. Akiwa huko huko jeshini alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Pia alipata habari za wagonjwa wa akili waliokuwa wakiuawa na serikali ile ile aliyokuwa akiitumikia. Aprili 1941 aliruhusiwa kurudi shambani, akawa mhudumu wa sakristia katika parokia yake. Lakini hakuwa tena na amani. Alisema wazi kwamba akiitwa tena hatapigana, kwa kuwa vita vile ni vya dhuluma.

Hapa tunaomba tusome polepole. Franz hakukimbilia uamuzi huo. Aliwauliza mapadre. Alikwenda mpaka kwa Askofu wa Linz. Jibu lilikuwa lile lile: wewe ni baba, una watoto wadogo, mambo ya vita ni ya wakubwa, wafikirie wako. Na sisi tuseme ukweli, tungekuwa pale tungemwambia hivyo hivyo. Nani kati yetu angemtuma baba wa watoto watatu akafe? Tulivuka mipaka mingapi ili watoto wetu waishi?

Franziska naye mwanzoni alimsihi abadili mawazo. Kisha akaona kila mtu anamshambulia mumewe, ndugu, majirani, hata watu wa Kanisa, na kwamba naye akisimama upande wao, Franz hatabaki na mtu hata mmoja. Akaacha kubishana naye. Tunapolihubiri lile neno la Bwana wetu kwamba anayependa jamaa zake kuliko Yeye hamstahili, mara nyingi tunamfikiria yule anayeondoka. Tumfikirie na huyu aliyebaki jikoni na watoto watatu, akijua mumewe anakokwenda.

Tarehe 1 Machi 1943 alifika kambini Enns na kutamka kwamba hatapigana. Alikuwa tayari kuhudumia majeruhi, lakini hakukubaliwa. Alifungwa Linz, kisha Berlin. Familia ilimpelekea picha ya mabinti wakiwa wameshika bango la kumwomba baba arudi upesi. Hebu fikirini kuipokea picha hiyo gerezani. Wengi wetu tuna picha za namna hiyo kwenye simu, za watoto tuliowaacha Kigoma, Uvira au Nakivale, wakiuliza lini. Alihukumiwa kifo tarehe 6 Julai. Franziska alisafiri na padre wao mpaka Berlin, wakaonana kwa dakika chache. Tarehe 9 Agosti 1943, huko Brandenburg, alikatwa kichwa. Alikuwa na miaka 36. Binti mkubwa hakuwa ametimiza miaka sita, na mdogo alikuwa na mitatu.

Vita vikaisha, na majivu yake yakarudishwa kijijini mwaka 1946. Lakini Franziska hakuonewa huruma. Wajane wa wanajeshi wengine walipewa pensheni, yeye alinyimwa mpaka mwaka 1950. Wapo waliosema kwamba mumewe aliwasaliti wenzake, na wengine kwamba mke ndiye aliyemponza. Akalima shamba, akalea watoto, akaendelea kwenda Misa na watu wale wale. Tarehe 26 Oktoba 2007, katika Kanisa Kuu la Linz, Franz alitangazwa Mwenyeheri. Franziska alikuwepo, akiwa na miaka 94. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 100.

Mtu asichukue hadithi hii akampige nayo kijana wetu aliye jeshini. Katekisimu inafundisha kwamba askari anayetimiza wajibu wake vema anachangia amani, na inafundisha pia kwamba anayekataa silaha kwa sababu ya dhamiri anastahili kusikilizwa na kupewa namna nyingine ya kuitumikia jamii. Mafundisho hayo mawili yanafuatana. Franz mwenyewe aliyaishi yote mawili.

Jumapili ijayo, kabla ya Misa, kutakuwa na daftari mbele ya altare. Andikeni majina ya marehemu wenu. Mwenye kaka aliyekufa akiwa askari amwandike. Mwenye mzazi aliyeuawa na askari amwandike pia, katika daftari hilo hilo. Asiyeweza kuandika amwambie katekista, atamwandikia. Majina yote yatasomwa.

Mwenyeheri Franz Jägerstätter, utuombee.