Tabibu wa Karema



Tarehe 18 Oktoba Kanisa humkumbuka Luka, mwinjili na tabibu. Ungamo letu la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 21, lafundisha kwamba haifai kuwaomba watakatifu. Bali yafaa kuwakumbuka, ili imani yetu itiwe nguvu, na kila mtu afuate mfano wao kwa kadiri ya wito wake. Basi, ninyi mkaao Mpanda na vijiji vya Katavi, nataka kuwatajia tabibu mmoja aliyefanya kazi katika nchi yenu, kule Karema penye ziwa.

Jina lake Adrian Atiman. Hakuwa wa Kanisa letu, alikuwa Mkatoliki. Lakini yule Msamaria naye hakuabudu pamoja na wale waliosimuliwa habari zake, na Bwana hakuona haya kumsifu mbele yao.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi ya mto Niger, Afrika ya Magharibi. Angali mtoto, wezi wa watu walimkamata, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko mapadre wa shirika la Kardinali Lavigerie wakamkomboa kwa fedha. Mwaka 1881 akapelekwa kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine Waafrika, wajifunze udaktari. Mwaka 1888 akatumwa huku kwetu, akafika Karema mwaka 1889.

Akakuta nini? Akakuta mambo yale yale yaliyomtoa kwa mama yake. Ngome ya Karema, iliyojengwa na Kapteni Cambier wa Ubelgiji mwaka 1879, ilikuwa imekabidhiwa mapadre mwaka 1885, na wawindaji wa watumwa walikuwa wakizunguka kandokando ya Tanganyika. Kwa hiyo alikuwako pia askari, Kapteni Léopold Joubert, aliyekwisha kupigana vita Ulaya katika jeshi la Papa. Alikuja mwaka 1880 kuwalinda wamisionari na watu waliowakimbilia, akakaa ng'ambo ya Kongo hata alipofariki mwaka 1927. Mimi simhukumu. Penye chui mlangoni, mwenye mkuki hutakikana.

Lakini risasi humzuia mwizi tu, haifungi kidonda. Kazi hiyo ilikuwa ya Atiman, naye aliifanya Karema miaka 67. Wajerumani walitawala wakaondoka, Waingereza wakaja, na tabibu yupo pale pale. Alikuwa katekista pia. Mkono uliofunga kidonda ndio uliofungua kitabu cha mafundisho. Akaoa pale, na mwanawe mmoja akawa padre.

Ndugu zangu, mwajua habari za Yusufu. Aliuzwa, naye siku moja akawaona ndugu zake wamesimama mbele yake, akawatambua, akawapa nafaka. Atiman hakupewa siku ya namna ile. Waliomjia walikuwa wagonjwa wa nchi ya mbali na kwao, wasiojua alivyolia njiani. Na labda miongoni mwao walikuwamo watu ambao mikono yao wenyewe iliwahi kuuza mtoto wa mtu. Tabibu haulizi hayo kwanza. Hutazama ulimi, hushika kifundo cha mkono, huhesabu mapigo, hutoa dawa. Mimi naona hapo ndipo neema ilipofanya kazi yake kubwa kuliko yote, kwa kimya, asubuhi baada ya asubuhi. Nawe uliyedhulumiwa na jirani yako juu ya shamba au ng'ombe, mtoto wake akiugua usiku, mlango wako utafunguka?

Atiman alifariki mwaka 1956, umri wake yapata miaka 90. Siku ya Luka, katika sala ya Kanisa, tuwaombee waganga na wauguzi wa zahanati zetu kwa majina yao, na yule mkunga wa kijijini tuliyezoea kumwamsha usiku wa manane, wala hatujampelekea hata kikapu cha mahindi.