Fungua Injini, Wewe wa Mackinnon

Treni imepita tena. Umeitazama mpaka imepotelea upande wa Voi, kisha macho yamerudi kwenye simu.

Mpaka lini?

Wewe unapenda gemu. Sawa. Unakesha, bando linakwisha, kidole kinakufa ganzi. Nani alikwambia fungu lako ni kucheza tu walichotengeneza wenzako? Nani amekukataza kukifungua uone kinavyokwenda?

Usiniambie wewe ni mtoto wa nyika ya Taru. Jibu hilo limenichosha.

Sikiliza. Mwaka 1994 Mskoti mmoja, Chris Sawyer, alitoa gemu ya Transport Tycoon. Unajenga reli, unanunua treni, unabeba makaa na abiria, unasaka faida. Mwaka 1995 likaja toleo lililoboreshwa, Transport Tycoon Deluxe. Watu wakalipenda kufa. Lakini kompyuta zikabadilika, gemu ikaanza kuchechemea kwenye mashine mpya, na msimbo wake ulikuwa umefungwa.

Mswidi aitwaye Ludvig Strigeus angeweza kukaa akalalamika, kama wewe. Badala yake aliifumua ile programu, iliyoandikwa kwa lugha ya chini kabisa, ile inayokaribia ya mashine yenyewe. Akaisoma amri kwa amri. Akaiandika upya kwa lugha ya C. Machi 2004 akaiachia watu wote, bure, pamoja na msimbo wake, kwa jina OpenTTD.

Hakungoja mwaliko.

Na haikuishia hapo. OpenTTD ya mwanzo haikuweza kwenda bila picha na sauti za gemu ya zamani. Wakajitokeza watu wa kujitolea, wakachora upya kila behewa, kila mti, kila nyumba. Aprili 2010 likatoka toleo la 1.0, linalojitegemea. Miaka 6! Wewe ulijaribu kitu wiki mbili ukakitupa, ukasema hakina bahati.

Ramani ya kale ilikuwa na miraba 256 kwa 256. Leo inafika 4096 kwa 4096. Kwa nini? Kwa sababu kuna watu walikataa kusema "ilikuwa nzuri zamani".

"Hao ni Wazungu."

Kweli? Mwaka uleule wa 2004, Dar es Salaam, mradi wa Kilinux pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili. Msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi, wakaingia. Walikuwa na ubongo wa aina gani usio kichwani mwako?

"Sina kompyuta."

Gemu yenyewe haifiki megabaiti mia, na haibagui kompyuta kuukuu. Ya shule ipo. Ya saiba ipo. Ya binamu yako Mariakani ipo, imefunikwa kitambaa, inakula vumbi. Omba! Mtaka cha mvunguni huinama, na wewe hata shingo hujaikunja.

"Sijui kuandika programu."

Nani alizaliwa anajua?

Basi kazi hii hapa. Ndani ya OpenTTD kuna kihariri cha ramani. Kinapokea picha ya rangi ya kijivu: penye weupe panakuwa mlima, penye weusi panakuwa bonde. Tafuta ramani ya mwinuko wa ardhi yetu, iingize. Panga vituo: Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Mackinnon Road, mpaka Voi. Hapo hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo, na tayari kwenu kumeingia kwenye gemu.

Kisha chora. Msikiti wa Sayyid Baghali Shah, ule ulio kando ya reli, unaouona tangu utotoni. Kiwanja chake kwenye gemu ni kigae kimoja, nukta 64 kwa upana na 31 kwa urefu. Nukta moja baada ya nyingine. Kivuli kitakwenda upande usio wake. Futa. Ukuta utapinda. Futa, chora tena. Halafu jifunze NML, lugha ndogo ya kuiambia gemu: hii ni nyumba, inakaa watu kadhaa, ijengwe kuanzia mwaka fulani.

Unaijua simulizi ya Sayyid alipokuwa kwenye ujenzi wa reli, karai likielea juu ya kichwa chake. Ile ilikuwa karama yake. Lako halitaelea. Utalibeba kwa shingo, likuchubue, ulitue, ulibebe tena.

Ukikwama, uliza. Mombasa pale Swahilipot Hub kuna vijana wenzio wanaohangaika na msimbo kila siku, na nauli ya matatu unaipata kila ukitaka kwenda mpirani. Usiende mikono mitupu. Nenda na msikiti wako uliopinda, uwaonyeshe ulipokwama.

Nimekusikia. Umesema kesho.

Kesho ya nani? Bando la usiku huu unalo. Pakua sasa, kabla hujafungua kitu kingine.