Gharama ya Kuvuka Mpaka Ilipwe na Nani?

Mwezi Mei 2021, kampuni ya Petra Diamonds ilimalizana nje ya mahakama na walalamikaji 71 kutoka eneo la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga. Madai yao yalikuwa mazito: vipigo, majeraha na vifo mikononi mwa walinzi wa mgodi na polisi. Kampuni ilikubali kwamba watu walikufa, waliumizwa na kutendewa vibaya ndani ya eneo la leseni, ila haikukiri kuwajibika kisheria. Makubaliano yalikuwa na thamani ya pauni milioni 4.3, zikiwamo fedha za walalamikaji, mchango wa gharama za mawakili wao na miradi ya jamii. Shauri lenyewe halikufunguliwa Shinyanga wala Dar es Salaam. Lilifunguliwa London.

Mbeshi, kama anavyoitwa Mwadui kijana anayeingia usiku kusaka almasi bila kibali, hana nauli ya London. Hana pia fedha za mkalimani, za daktari wa kuandika ripoti ya majeraha, wala za kutafsiri viapo vya mashahidi wanaozungumza Kisukuma. Shauri la Mwadui lilibebwa na ofisi binafsi ya mawakili, Leigh Day. Kwa kawaida mashauri ya namna hii nchini Uingereza huendeshwa kwa mapatano kwamba wakili atalipwa akishinda. Tangu sheria ya mwaka 2012 ilipoanza kutumika Aprili 2013, ziada anayopata wakili kwa ushindi haitozwi tena kwa mdaiwa. Kwa sehemu kubwa inatoka kwenye fidia ya mteja. Kwa hiyo kabla wakili hajauliza nani kaonewa, inambidi apige hesabu: shauri hili litarudisha gharama zake?

Hapo ndipo swali la kifalsafa linapozaliwa. Haki inayosubiri hesabu za wakili wa nchi ya mbali itoke sawa, bado ni haki?

Aristotle aliitenga haki ya kurekebisha dhara na haki ya kugawana mali na heshima. Katika kurekebisha dhara, alisema, haijalishi nani mwema na nani mwovu. Sheria inatazama ukubwa wa dhara tu na kuwachukulia wawili hao kuwa sawa. Dini zimekazia jambo hilohilo. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, kinamkataza hakimu kumpendelea maskini na kumstahi mkubwa. Barua inayonasibishwa na Khalifa Umar kwa kadhi wake Abu Musa al-Ash'ari inamtaka awaweke sawa wenye shauri katika kikao chake, mnyonge asije akapoteza tumaini. Katiba ya Tanzania nayo, katika Ibara ya 107A, inaiagiza mahakama itende haki bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi.

Lakini maagizo yote hayo yanamkuta mtu akiwa tayari mbele ya hakimu. Nani amfikishe?

Fikra moja ya Kiislamu inasaidia hapa kuliko zote. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba inataja mafungu manane ya wanaostahili zaka, na la mwisho ni la msafiri aliyekwama njiani. Wanazuoni wameeleza kwamba huyu hupewa hata kama kwao ana mali, maana shida yake imeletwa na umbali. Mzee wa Kishapu mwenye ng'ombe hamsini ni mtu wa uwezo mbele ya wananzengo wenzake. Mbele ya kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la London, ng'ombe hao hawamlipii wakili hata wiki moja. Ufukara wake umeletwa na mpaka, na mpaka ni kazi ya dola. Anayeuweka mpaka, na kuchuma faida kwa mtaji unaouvuka, ana deni kwa anayekwama upande wa pili.

Faida hiyo ni ya wazi. Wakati wa makubaliano ya Mwadui, Serikali ya Tanzania ilikuwa na asilimia 25 ya mgodi. Kupitia Twiga Minerals, ubia wake na kampuni ya Barrick, inamiliki asilimia 16 ya migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, na North Mara. Mgodi wa Geita uko chini ya AngloGold Ashanti, ambayo tangu Septemba 2023 kampuni yake mama imesajiliwa Uingereza na hisa zake kuu ziko New York.

Mkulima wa pamba wa Maswa anaweza kuuliza kwa nini kodi yake ilipie kesi ya mwingine London, ilhali zahanati yake haina dawa. Ni swali la haki. Ila fedha za umma tayari zimesimama nyuma ya upande mwingine. Mwekezaji akigombana na serikali huenda ICSID, kituo cha usuluhishi kilicho chini ya Benki ya Dunia mjini Washington. Ibara ya 17 ya mkataba wake inasema ada zisipotosha, nchi wanachama zitafidia pengo. Ibara ya 54 inazitaka nchi hizo kutekeleza malipo yaliyoamriwa kana kwamba ni hukumu za mwisho za mahakama zao. Mwaka 2023 Tanzania ilikubali kuilipa Winshear Gold ya Kanada dola milioni 30 kumaliza shauri la namna hiyo. Mwekezaji amejengewa barabara ya kuvuka mpaka. Mbeshi hana hata njia ya miguu.

Mahakama zenyewe zimelikiri tatizo, kisha zikatofautiana. Aprili 2019, katika shauri dhidi ya kampuni ya madini ya Vedanta, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanavijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, kuendelea London, kwa kuwa nyumbani wasingepata fedha wala mawakili wa kubeba shauri kubwa kiasi hicho. Novemba 2024 mahakama ya Ontario ilikataa kusikiliza madai ya wakazi wa North Mara dhidi ya Barrick, ikiona Tanzania ndiyo mahali panapofaa.

Mfano wa kufuata upo. Direktivi ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 inawapa wasio na uwezo, katika migogoro ya madai inayovuka mipaka, gharama za ukalimani, tafsiri na safari, na inaruhusu kuwanyima wenye madai yasiyo na msingi. Afrika Mashariki ina Ibara ya 126 ya Mkataba wa Jumuiya, inayotaka sheria ziwianishwe, lakini haigusi mfuko wa mlalamikaji. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na mrabaha wa asilimia 6 kwenye dhahabu. Bunge litenge sehemu ndogo ya mrabaha huo kulipia ushahidi, tafsiri na wakili wa kwanza wa anayedai fidia ng'ambo, na wabunge wa Shinyanga na Geita wawe wa kwanza kuidai.