Kivumbasi Mlangoni, Chandarua Kitandani

Somo: Nehemia 4, kifungu cha 9 na cha 13.

Watu wa Yerusalemu walipokuwa wakijenga ukuta wao, adui zao walifanya shauri kuwapiga. Twasoma ya kuwa walimwomba Mungu, tena wakaweka walinzi mchana na usiku, wala hawakuona ya kuwa kuweka mlinzi ni kukosa imani. Tena Nehemia hakuwaweka ovyo. Mahali palipokuwa wazi, hapo ndipo alipowasimamisha watu wenye silaha.

Sisi tukaao Mchombe, na bonde zima la Kilombero, twamjua adui wetu aliaye sikioni usiku. Wachunguzi wa Ifakara wametuonyesha miaka hii ya karibuni kwamba sehemu kubwa ya malaria bondeni huletwa na mbu aitwaye Anopheles funestus. Huyu hupenda maji yasiyokauka upesi, yenye majani kandokando. Huingia nyumbani, naye huuma hasa usiku wa manane na kuendelea, watu wamelala.

Basi, wako watuulizao, Je! mtu akipanda kivumbasi na mchaichai kuizunguka nyumba, hajailinda? Twajibu kwamba ni vema kupanda. Mama zetu walikijua kivumbasi zamani, wakachanganya majani yake makavu na maharagwe ili wadudu wasiyale. Mchaichai nao haudai gharama. Omba shina kwa jirani, ligawe, lipande mvua zianzapo, na mwaka ujao wewe utawagawia wengine. (Na chai yake ni njema, hata kama mbu hawaijali.)

Lakini yatupasa kusema kweli kuhusu nguvu za mlinzi huyu. Harufu imfukuzayo mbu imo ndani ya mafuta ya jani, na jani likikaa kimya hutoa kidogo tu. Katika majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya, yakatangazwa mwaka 2002, kivumbasi kilicho hai ndani ya chungu kiliwapunguza mbu kwa theluthi moja hivi, au kuzidi kidogo. Theluthi si haba kwa watu waketio mkekani jioni wakingoja ugali. Majani yakipondwapondwa au kuwekwa juu ya makaa, harufu huzidi; ila moshi huo usipelekwe chumbani alalapo mtoto mchanga, maana kifua chake hakiuwezi. Tena ukiweka sahani chini ya chungu cha mmea, mwaga maji yake. Mlinzi gani huyu amzaliaye adui watoto miguuni pake?

Theluthi mbili zilizobaki zaingia. Na mahali palipo wazi katika ukuta wetu ni kitanda. Hapo yatakiwa silaha, nayo twaijua, kwa kuwa ilijaribiwa hapa kwetu. Tangu mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa viliuzwa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na hesabu iliyotangazwa mwaka 2001 ilionyesha kwamba kwa watoto wa mwezi mmoja hata miaka 4 waliovitumia, kuokoka kwao kulizidi kwa asilimia 27. Watoto hao walikuwa wa bonde hili hili.

Kwa hiyo twasikitika tuonapo chandarua kizima kimezungushiwa bustani ya mchicha, au kimetupwa mtoni kuvulia samaki, na mwenyewe asema amepanda kivumbasi, yatosha. Mtu huyo amemwondoa mwenye upanga, akamwacha mpiga kelele peke yake. Asiseme pia kwamba amemwachia Mungu. Isaya alimpelekea mfalme Hezekia neno la Bwana ya kuwa atapona, hata hivyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Tini ilikuwa ya Mungu. Hata uzi wa chandarua ni wake.

Sasa msimu wa mpunga wakaribia, na wengi mtahamia mashambani, mkalale katika vibanda visivyo na kuta, na watoto pamoja nanyi. Huko hakuna kivumbasi kilichopandwa. Mfungapo mizigo, pamoja na mbegu na majembe, kila mama na ahesabu watoto wake, kisha ahesabu vyandarua.